Shavu Jipya Kabla ya Mwezi Kuandama



Utando uliomo ndani ya shavu lako jioni hii haukuwapo mwezi uliopita. Ule uliokuwapo umekwisha kumezwa pamoja na mate, chapati na chai, na tumbo limezisaga seli zake kama linavyosaga chakula kingine. Hukuhisi kitu. Hakuna asubuhi uliyoamka ukakuta shavu liko wazi, linangoja kufunikwa. Nyumba ya makuti ikichakaa, wenyewe huhamia kwa jirani siku mbili tatu mpaka iezekwe upya. Kinywa hakina pa kuhamia. Kinaezekwa upya huku watu wanakula, wanaimba na kugombana ndani yake.

Nimeombwa nizungumzie namna utando huu unavyozaa seli mpya, nami nimeamua kukazia jambo moja, nalo ni kasi. Sote tunajua kwamba mwili hujirekebisha. Tunachokosa kuulizana ni kwa siku ngapi. Kwa miaka yote niliyofundisha na kutibu, nimeona kwamba mtu akiijua kasi ya kinywa chake anaelewa mambo mengi ambayo vinginevyo humtisha bure, au hayamtishi wakati yangepaswa kumtisha.

Tuanze na kitu ambacho wengi wenu mlikiona katika maabara ya sekondari. Mwalimu anakupa kijiti chenye pamba. Unasugua ndani ya shavu, unapaka ulichokipata juu ya kioo, unadondosha tone la methilini bluu, unafunika, unaweka chini ya hadubini. Mwanzo ni ukungu mtupu. Ukirekebisha polepole, seli zinajitokeza: pana, bapa, kingo zimekunjamana hapa na pale, na katikati ya kila moja kimo kiini kidogo cha mviringo kilichonywa rangi kuliko sehemu nyingine. Juu ya seli hizo zimetapakaa nukta ndogo sana za bluu. Wanafunzi huzidhania uchafu wa kioo. Ni bakteria, wamepanda juu ya seli na kuing'ang'ania. Zikumbukeni nukta hizo, tutazihitaji baada ya muda.

Seli unayoiona hapo iko katika siku yake ya mwisho. Ndiyo maana pamba iliichukua bila wewe kuumia, kwani ilikuwa imekwisha kulegea. Seli za pamba hiyohiyo ndizo zinazotosha kupima vinasaba vya baba na mtoto, kwa sababu kiini bado kimo na DNA yake bado inasomeka.

Ilizaliwa chini, na kwa kipimo chake ni mbali. Utando wa shavu una unene wa kama nusu milimita, na ndani ya nusu milimita hiyo zimepangana seli safu kwa safu, arobaini hivi au zaidi. Safu ya chini kabisa imekaa juu ya kiwambo chembamba sana, na chini ya kiwambo ndiko iliko nyama yenye mishipa ya damu na neva. Katika safu za juu hamna hata mshipa mmoja wa damu. Chakula na oksijeni hupenyeza kutoka chini. Kwenye ile safu ya chini zimo seli shina. Hizo ndizo wakazi wa kudumu, nyingine zote ni wapita njia. Seli shina ikigawanyika, kwa wastani moja hubaki kuendeleza uzao na nyingine husukumwa juu na wadogo zake wanaozaliwa nyuma yake. Ikishazipita safu za chini haigawanyiki tena. Inapanuka, inalala bapa, inajijaza nyuzi za protini iitwayo keratini, na inajifunga kwa majirani zake kwa vifungo vidogo vidogo vya protini. Vifungo hivyo ndivyo vinavyokuwezesha kutafuna mhogo mkavu na mifupa ya samaki, shavu lisichanike. Seli ikifika juu, vimeng'enya hukata vifungo vyake na mate huibeba.

Kinywa hakina utando wa aina moja. Hebu sote tufumbe midomo kidogo, tutumie ulimi. Pandisha ncha yake nyuma ya meno ya mbele ya juu: hapo kaakaa ni gumu, lina matuta, na haliteleziteleza. Hapo na kwenye fizi, seli zikifika juu hugeuka kuwa magamba ya keratini, kama ilivyo kwenye ngozi ya kiganja, kwa sababu ndipo chakula kinapogongwa na kusagwa. Sasa peleka ulimi kwenye shavu. Ni laini, lina maji, linavutika. Wengine mtagusa mwinuko mwembamba unaokwenda sambamba na pale meno ya juu na ya chini yanapokutana. Ukitazama kwenye kioo utauona ni mstari mweupe. Si ugonjwa. Ni mahali ambapo meno hulisugua shavu mchana kutwa, na shavu limejibu kwa kuongeza unene. Kisha inua ulimi utazame chini yake. Utando wa hapo ni mwembamba mno, mishipa ya damu inaonekana kwa rangi yake ya samawati, na ndiyo sababu kidonge cha mgonjwa wa moyo anayebanwa na kifua huwekwa chini ya ulimi: kinaingia kwenye damu kwa dakika chache.

Tumezijuaje siku? Mwaka 1894 Mwitaliano Giulio Bizzozero aliyagawa matishu ya mwili makundi matatu. Kuna yanayozaa seli maisha yote, kuna yanayokua kisha yakatulia, na kuna ambayo seli zake hazizaliwi tena, mfano neva. Utando wa kinywa uliwekwa kundi la kwanza. Lakini kujua kwamba kitu kinajifanya upya ni jambo moja, na kujua kinachukua muda gani ni jambo jingine, na hilo la pili lilingoja zaidi ya nusu karne.

Aliyelifungua kuliko wote ni Charles Philippe Leblond, Mfaransa mzaliwa wa Lille aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada. Mwaka 1948 yeye na mwenzake walionyesha kwamba utando wa utumbo wa panya hujibadilisha wote kwa siku chache tu. Baadaye ikapatikana njia nzuri zaidi, na ningependa muione jinsi ilivyo rahisi kuifikiria. Thimidini ni kiungo kimojawapo cha kutengenezea DNA. Ukiiwekea hidrojeni yenye mionzi hafifu na kumchoma panya sindano yake, seli inayojiandaa kugawanyika huichukua. Isiyogawanyika haina haja nayo. Baadaye unakata kipande chembamba cha utando, unakipaka dawa ileile inayopakwa kwenye filamu ya picha, unakiacha gizani. Palipo na mionzi hutokea chembe nyeusi za fedha. Kipande kilichochukuliwa saa moja baada ya sindano kina chembe nyeusi kwenye safu za chini tu. Kilichochukuliwa siku kadhaa baadaye, chembe zimepanda katikati. Ukichelewa zaidi, unakuta karibu hamna kitu, seli zilizotiwa alama zimekwisha kubanduka na kumezwa. Kwa kuhesabu chembe hizo, safari ya seli ikapata tarehe ya kuondoka na tarehe ya kufika.

Hesabu hutofautiana kidogo kwa jinsi ilivyopimwa, ila mpangilio wake haubadiliki. Ngozi ya nje huhitaji siku 52 hadi 75 kujibadilisha yote. Fizi, 41 hadi 57. Shavu, kati ya siku 14 na 25. Utumbo ndio wenye haraka kuliko wote hawa, siku 4 hadi 14. Seli zinazoonja ladha kwenye ulimi huishi kama siku 10 hivi, kwa hiyo aliyejiunguza ulimi kwa supu na kuona kila kitu hakina ladha ana haki ya kuwa na matumaini.

Halafu kuna mahali pamoja ambapo, kwa maoni yangu, pangestahili mhadhara wake peke yake. Ni pale fizi inaposhikana na jino. Ukanda mwembamba wa seli umejigandisha kwenye jino kuziba upenyo wa kuingilia mwilini. Ukanda huo hujibadilisha kwa muda wa siku 4 hadi 6. Na kilicho mbele yake, kinachogusana nao, ni enameli ya jino, kitu kisichojifanya upya kamwe. Seli zilizotengeneza enameli hupotea jino linapochomoza. Ukimeguka ukingo wa jino ukiwa na miaka 8, utazikwa nao umemeguka. Basi katika nafasi isiyofika hata upana wa uzi, kinachojibadilisha kila juma kimegusana na kisichobadilika maisha yote.

Hapo ndipo zile nukta za bluu zinapoingia. Bakteria wa kinywani hupanda juu ya kila kitu, shavu, ulimi, fizi, jino. Akipanda juu ya seli ya shavu, amepanda chombo kinachong'oa nanga. Baada ya muda mfupi seli inabanduka naye juu yake, mate yanawabeba wote wawili, asidi ya tumbo inawapokea. Lazima apate seli nyingine aanze upya. Akipanda juu ya jino, hakuna kinachobanduka. Anakaa, anazaana, anajenga tabaka juu ya tabaka, na tabaka hilo ndilo ule utelezi unaousikia kwenye meno asubuhi. Mswaki, uwe wa dukani au wa mti, unalifanyia jino kile ambacho shavu hujifanyia lenyewe. Mtoto mchanga asiye na meno ana bakteria wengi mdomoni, lakini yule anayeongoza kwa kutoboa meno, *Streptococcus mutans*, kwa kawaida hujenga makazi yake meno yakishaota, kwa kuwa anahitaji mahali pasipobanduka. Fangasi wanaoleta utando mweupe kwa watoto na kwa wenye kinga dhaifu nao hushika safu za juu, na katika mtu mwenye afya kubanduka kwa seli ni sehemu ya kinachowazuia wasitapakae. Miaka ile ya kwanza ya UKIMWI, kabla dawa hazijafika kwa wengi, waganga wetu walijifunza kuutambua ugonjwa kwa kufungua midomo ya watu wazima na kukuta utando wa kitoto.

Nije kwenye kidonda. Ukijing'ata shavu, damu inatoka, ukitema unaona nyekundu, na kesho kutwa umesahau. Ukijikata hivyohivyo kwenye mkono, ungetembea na plasta wiki nzima na alama ungebaki nayo. Kinywa kina joto, maji, na vijidudu kwa mamilioni, yaani yote ambayo mama zetu walitufundisha kuyaepusha na kidonda, nacho ndicho kinachopona haraka kuliko ngozi na mara nyingi bila kovu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwachukua watu waliojitolea, wakawatia kidonda kidogo mdomoni na kingine kama hicho kwenye ngozi, wakafuatilia vyote viwili. Waligundua kwamba seli za kinywani, hata kabla ya kuumia, tayari zimewasha jeni za kuponya jeraha. Ngozi huamka ikishaumizwa. Kinywa hulala kimevaa viatu.

Na mate yana mkono wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Stanley Cohen alikuwa akiwachoma vichanga vya panya dutu iliyotolewa kwenye tezi za mate za panya wakubwa. Alikuwa akitafuta jambo jingine kabisa, linalohusu neva. Akaona kwamba vichanga hivyo vinafumbua macho na kuota meno siku kadhaa kabla ya wakati wao. Wengi wangeandika pembeni ya daftari na kuendelea na kazi yao. Yeye aliifuata, akiwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, akapata protini inayoziamuru seli za utando zigawanyike. Mwaka 1986 yeye na mwenzake katika utafiti ule wa neva, Rita Levi-Montalcini, walipewa Tuzo ya Nobel. Protini hiyo imo katika mate yetu pia. Ndiyo sababu mojawapo mgonjwa aliyechomwa mionzi shingoni, tezi zake za mate zikakauka, hupata vidonda visivyotaka kufunga, na ndiyo sababu nawasihi wauguzi wasilichukulie lalamiko la mdomo mkavu kuwa jambo dogo.

Seli hizi hata hazigawanyiki ovyoovyo saa zote. Mwaka 1999 kikundi cha watafiti wa Toronto, Kanada, kilichukua vipande vidogo vya utando wa kinywa kwa watu wenye afya, mara kadhaa katika siku moja. Dalili za seli kujiandaa kunakili DNA yake zilifika kilele kama saa tisa alasiri. Dalili za kugawanyika kwenyewe, saa tatu usiku na dakika chache. Wakati familia inaondoa sahani za chakula cha usiku, shavu liko kwenye kilele cha uzazi.

Kitu kinachozaana kwa kasi hii kina njaa yake, na njaa hiyo huonekana haraka. Kunakili DNA kunahitaji foliki asidi na vitamini B12. Vikipungua, wanaoathirika kwanza ni wale wanaozaana sana: damu, utumbo, na kinywa. Ulimi, ambao kwa kawaida una vinundu vidogo vinavyoufanya uwe wa kukwaruza, huwa laini, unang'aa, mwekundu, na pilipili kidogo tu inauchoma. Upungufu wa madini ya chuma nao huufanya hivyohivyo, na pembe za midomo hupasuka. Mhudumu wa kliniki ya wajawazito akimwambia mama atoe ulimi, anatazama tishu ambayo haiwezi kuficha njaa zaidi ya wiki chache. Mwingereza Lucy Wills ndiye aliyeifuatilia habari hii huko Bombay mwishoni mwa miaka ya 1920, akiwatibu wajawazito wa viwanda vya nguo waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu. Mwaka 1931 alichapisha matokeo yake, kwamba dondoo la hamira liliwaponya. Kilichokuwemo katika hamira ile baadaye kilikuja kuitwa foliki asidi, na ndicho kilichomo katika vidonge wanavyopewa mama zetu kliniki na watoto wenye selimundu.

Kisha wanasayansi wakaligeuza jambo hili. Kama foliki asidi huharakisha uzao wa seli, kuizuia kutazima seli za saratani. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba dawa inayozuia foliki asidi ilikuwa imewapa nafuu, ya muda, watoto wenye saratani ya damu. Habari hiyo ikafika Afrika Mashariki kwa mlango wake wenyewe. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa eneo letu. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya kutisha, na kwa sababu hiyohiyo uliyeyuka mbele ya dawa za aina ile, methotreksati ikiwemo, kuliko saratani nyingi za wakati huo. Lakini dawa haichagui. Inatafuta seli inayogawanyika, iwe ya uvimbe, iwe ya shavu.

Hesabuni nami. Dawa inaingia leo. Seli shina za kinywani zinasimama. Seli zilizokwisha kupanda zinaendelea na safari yao, zinafika juu, zinabanduka kama kawaida. Kwa siku chache mgonjwa haoni tofauti, anasema dawa imemkubali. Kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, akiba imekwisha na chini hakujaletwa kitu. Utando unakonda, unakuwa mwekundu, unafunguka. Mtoto anakataa uji, anakataa hata mate yake, anatema kwenye kopo. Mzazi asiyeelezwa anadhani amelogwa, au kwamba ugonjwa umehamia mdomoni, na wengine huondoka wodini siku hiyohiyo, jambo linaloniumiza sana kwa sababu siku hiyo ndiyo seli shina zinapokaribia kurudi kazini. Akipata uangalizi, maji, dawa ya maumivu na usafi wa kinywa, kwa kawaida wiki moja au mbili baadaye utando umefunga. Nawaomba madaktari na wauguzi mliopo, mwambieni mzazi tarehe hizi kabla ya sindano. Andikeni kwenye karatasi. Mzazi aliyeambiwa kwamba vidonda vitakuja siku fulani na kuondoka siku fulani hukaa.

Kuna kinga moja isiyogharimu karibu kitu. Kwa baadhi ya dawa zinazodungwa mara moja na kuondoka mwilini haraka, mfano fluorourasili, mgonjwa hunyonya vipande vya barafu kuanzia dakika 5 kabla ya sindano, kwa nusu saa. Baridi hubana mishipa ya damu ya kinywani, na dawa inapopita kwa wingi, kinywa hupata kidogo. Si kwa kila dawa, wala si kwa kila mgonjwa, lakini palipo na friji kwenye wodi sioni sababu ya kuiacha.

Sasa nifike pale nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kama shavu lote hujibadilisha kwa siku 14 hadi 25, na jeraha lake huzibwa kwa kasi zaidi ya hapo, basi kidonda cha kawaida mdomoni, kilichotokana na kujing'ata, mfupa wa samaki, mswaki ulioteleza, au kile kidonda kidogo cheupe chenye ukingo mwekundu kinachokuja na kurudi, kinatakiwa kiwe kimepona ndani ya siku 10 hadi 14. Madaktari hawakuuokota mahali muda wa wiki mbili wanaoutaja. Wameutoa kwenye mwendo wa seli zenyewe. Kidonda kinachopitisha wiki mbili kinatuambia moja kati ya mambo mawili: ama kuna kitu bado kinakiumiza kila siku, mfano jino lililovunjika au meno bandia yasiyokaa vizuri, ama seli za hapo hazifuati tena utaratibu. Jino likichongwa na kidonda kisipone wiki mbili nyingine, kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kipimwe.

Ninachokiona mara nyingi ni hiki. Mtu anafika akiwa na kidonda pembeni mwa ulimi cha miezi minne. Hakimuumi sana, ndiyo maana amekivumilia. Amesukutua maji ya chumvi, amepaka asali, na ulimi wote ni zambarau kwa GV. Dawa hiyo ya zambarau ina kazi yake, lakini kwa kidonda kisichojulikana inafunika rangi ambazo daktari anazihitaji ili aamue: wekundu, weupe, ukingo ulivyo. Tafadhali msimpake mtu GV kisha mkampa rufaa.

Seli iliyoharibika DNA yake ikiwa safu za juu haina hatari kubwa, itabanduka hata hivyo, na hilo ni jambo la kushukuru. Hatari iko kwa zile za chini, wakazi wa kudumu, ambazo hubeba kila kosa lililowapata na kuwarithisha wazao wao. Tumbaku inayowekwa kati ya shavu na fizi, ugoro, kuberi, tambuu yenye popoo na chokaa inayotafunwa pwani yetu tangu enzi za mababu, vyote hivi hukaa mahali pamoja, saa nyingi, miaka mingi. Walaji wa miraa hukuta upande wanaowekea tonge lake umekuwa mweupe na mnene. Weupe unaokwanguka kwa pamba mara nyingi ni fangasi. Weupe usiokwanguka unahitaji macho ya mtaalamu, na wekundu usioelezeka unahitaji macho hayo upesi zaidi.

Utando huu hauishii kooni. Umio, njia ya chakula kutoka koo hadi tumbo, umevikwa utando wa jamaa hiyohiyo, na Afrika Mashariki yetu ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye saratani nyingi ya umio. Waulizeni wanaofanya kazi Hospitali ya Tenwek, Bomet. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika orodha ya vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa vinasababisha saratani hiyo. Huko Kilimanjaro watafiti walipima chai wakati mtu anapiga funda la kwanza, wakakuta wastani ni juu ya nyuzi 70. Kuunguza utando kila asubuhi ni kuzilazimisha seli shina zigawanyike kila asubuhi, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea. Chai iache ipoe dakika tano. Ladha haikimbii.

Nimalizie na kazi nyingine ya shavu, ambayo wengi hamkuitarajia. Mwaka 2004 madaktari wa Japani, wakiongozwa na Kohji Nishida, walitangaza kwamba walichukua kipande kidogo cha utando wa shavu la mgonjwa ambaye macho yote mawili yalikuwa yamepoteza seli shina za konea, wakazikuza seli hizo maabara mpaka zikawa kama karatasi, wakazibandika juu ya jicho bila kushona. Walifanya hivyo kwa wagonjwa wanne, na wote waliona vizuri kuliko kabla. Na hapa kwetu, mwanamume ambaye njia yake ya mkojo imeziba kwa kovu, daktari wa upasuaji anaweza kuichana na kuiwekea kiraka cha utando wa shavu lake mwenyewe, kwa sababu ni utando uliozoea maji na hauna nywele. Kiraka huchukuliwa kirefu cha sentimita kadhaa. Mgonjwa hula vyakula laini siku chache, hukwepa pilipili na ndimu, husukutua, na katika wiki ya pili au ya tatu pale palipochukuliwa kiraka pamefunikwa.

Nasikiliza maswali. Aliye na kidonda mdomoni kilichopita wiki mbili asiniulizie hapa mbele ya watu. Aje tuonane pembeni kabla hajaondoka, tochi ninayo.